Pikipiki inayoelea: kwa nini kivuli cha brashi hakikai kwenye picha

Swali: "Nimetengeneza pikipiki kwenye Blender (programu ya kutengeneza vitu vya 3D) na nataka ionekane imeegeshwa kwenye picha niliyopiga mwenyewe mchana wa jua kali. Kuna sakafu ya saruji, ukuta nyuma, na mti ulio nje ya fremu ambao kivuli chake kinaangukia upande wa kulia. Kivuli cha pikipiki nimekichora kwa brashi nyeusi nikalainisha kingo. Kila ninayemwonyesha anasema inaelea. Nikikikoleza, inakuwa kama stika. Nikatafuta HDRI ya bure yenye jua (picha ya mazingira yote inayotumika kama taa), nikarenda, yaani nikaiacha programu itoe picha, kivuli kikawa hafifu hata hakionekani. Nakosea wapi? Na kwa picha ya siku ya mawingu, mambo ni yale yale?"

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na neno ulilolitumia mwenyewe: "nimekichora". Tatizo lote limelala hapo. Ulipochukua brashi nyeusi uliongeza kitu juu ya sakafu, ilhali jua halikuongeza kitu. Pale kivuli kinapoanguka, sakafu imenyimwa mwanga wa jua tu. Mwanga wa anga bado unaifikia, na ule unaorudi kutoka ukutani pia. Nyufa zake na madoa yake yapo vilevile, ila sasa yanaangaziwa na taa nyingine. Basi kabla hujagusa chochote, jiulize: hapa ni mwanga upi umezuiwa, na upi umebaki? Nitakayoyasema yote hapa chini ni njia za kulijibu swali hilo kipande kwa kipande.

Una bahati kubwa ambayo huenda hukuiona: ule mti. Kivuli chake kimeanguka kwenye saruji ile ile, chini ya jua lile lile, kikapigwa na kamera ile ile. Hicho ndicho kipimo chako. Fungua picha, chukua rangi ya saruji inayopigwa na jua, kisha rangi ya saruji hiyo hiyo ndani ya kivuli, sentimita chache tu kutoka ukingoni. Tuseme kwenye jua umepata nyekundu 200, kijani 192, buluu 180, na kivulini umepata 82, 86, 92. Angalia vizuri namba hizo. Kwenye jua nyekundu ndiyo kubwa. Kivulini buluu imeshika uongozi. Ndivyo inavyopaswa kuwa siku ya anga safi, maana jua lenye wekundu kidogo limezuiwa na kilichobaki ni anga la buluu. Brashi nyeusi haiwezi kukupa hilo. Inapunguza rangi zote tatu kwa kiwango kimoja, na jicho la mtazamaji linatambua uongo hata kama mwenyewe hawezi kueleza ameona nini.

Kuna mtego kwenye namba hizo, na umewanasa watu wengi ninaowaheshimu. Namba za pikseli katika picha ya kawaida ya sRGB (mfumo wa rangi wa picha nyingi za kompyuta na simu) si kiasi cha mwanga. Zimepindwa ili zilingane na jinsi macho yanavyoona. Ukichukua saruji yenye namba 200 ukaipunguzia mwanga kwa nusu, hupati 100. Unapata kama 146. Ukiigeuza mifano yetu iwe mwanga halisi, nyekundu ya kivulini ni karibu asilimia 15 ya ile ya juani, kijani karibu 18, buluu karibu 23. Hizo asilimia tatu ndizo kivuli cha pikipiki kinazopaswa kufikia pale ambapo jua peke yake limezuiwa. Zinaingia akilini pia: mchana wa anga safi jua hutoa takriban lux 100,000 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), wakati sehemu yenye kivuli inayoliona anga hupata kama lux 10,000 hadi 20,000. Kama ulipiga picha kwa RAW (faili ghafi la kamera), pima kwenye RAW iliyofunguliwa bila mapambo, kwa sababu JPEG imeshakolezwa na kamera na asilimia zitayumba kidogo. Kama huna RAW, tumia ulichonacho. Kulinganisha na mti ule ule bado kunakuweka karibu na ukweli kuliko kukisia.

Kwa hiyo kazi yote ya kuunganisha ifanyike kwenye thamani za mwanga halisi, yaani katika nafasi ya rangi ya linia, na kivuli kiingie kwa kuzidisha, si kwa kupaka. Kwenye Blender angalia pia mpangilio wa kuonyesha rangi: matoleo ya sasa huanza na AgX, na ya kabla yake yalianza na Filmic. Hivyo vyote viwili vitaibadilisha picha yako iliyopigwa, ambayo ilishabadilishwa na kamera mara moja. Weka Standard ili picha itoke kama ilivyoingia.

Sasa ile HDRI iliyokupotezea kivuli. Hukukosea kuitumia, faili lenyewe ndilo lenye upungufu. Jua linachukua sehemu ndogo mno ya anga, kama sehemu moja kati ya 90,000, lakini ndilo linalotoa mwanga mwingi kuliko anga lote lililobaki. Maana yake ni kwamba kile kiduara kidogo kina mng'ao unaozidi wastani wa anga kwa zaidi ya mara laki mbili. Aliyepiga ile HDRI alihitaji kupunguza mwanga hatua nyingi sana ili kukinasa bila kuunguza, na wengi huishia njiani. Faili linabaki na doa jeupe mahali pa jua. Ukilitazama linang'aa, lakini nguvu yake imekatwa kichwa. Ukirenda nalo, unapata mwanga wa anga bila jua, na anga peke yake halichori kivuli chenye ukingo. Ndicho kilichokupata.

Dawa ni kutenganisha taa mbili. Acha HDRI ifanye kazi ya anga, kisha ongeza taa ya jua ya Blender yenye upana wa nyuzi 0.53, ambao ndio upana wa jua kama tunavyoliona tukiwa duniani. Baada ya hapo huhitaji kukisia nguvu ya kila moja. Renda sakafu tupu yenye kitu cha kulizuia jua, pima ndani na nje ya kivuli kama ulivyopima kwenye picha, kisha panda na ushuke na nguvu ya jua mpaka upate zile asilimia zako za mti. Kama buluu haifiki, rangi ya anga lako ndiyo yenye kasoro, basi irekebishe hiyo na uiache taa ya jua. Kazi hii huchukua dakika kumi na inaokoa siku nzima.

Kuhusu uelekeo wa jua, watu huhangaika na hesabu bila sababu. Kwanza linganisha kamera: fSpy ni programu ya bure inayosoma mistari ya picha (kingo za ukuta, maungio ya saruji) na kukupa mahali kamera iliposimama na urefu wa lenzi. Usiikate picha kabla ya kuiingiza humo, kwa sababu programu inachukulia kwamba katikati ya picha ndipo katikati ya lenzi. Ukishapata kamera, tafuta kitu chochote kilichosimama wima kwenye picha na chenye kivuli kinachoonekana, hata ndoo au mguu wa kiti. Weka mche duara wa ukubwa ule ule mahali pale pale kwenye Blender, kisha zungusha taa ya jua mpaka kivuli cha mche kilale juu ya kivuli cha picha, ncha juu ya ncha. Hapo umepata jua. Kama hakuna kitu kama hicho lakini unajua saa na mahali ulipopiga, mahali pa jua angani panaweza kukokotolewa. Mimi hata hivyo huamini zaidi kivuli kinachoonekana.

Na usiiache kamera kabla ya kupima kimo. Mstari wa upeo wa macho hukata kila kitu kwenye kimo cha lenzi. Kama ulisimama ukaishika kamera kwenye mita 1.6, basi vishikio vya pikipiki, ambavyo viko kwenye mita moja na kitu, lazima viwe chini ya mstari huo popote utakapoiegesha. Pikipiki nyingi "zinazoelea" ambazo nimeletewa zilikuwa na kivuli kizuri tu. Zilikuwa kubwa kupita kiasi.

Tuje kwenye kingo, ulikolainisha. Ulilainisha ukingo mzima kwa kipimo kimoja, na hilo peke yake linatosha kuinyanyua pikipiki kutoka sakafuni. Ukingo wa kivuli cha jua hupanuka kadiri mwale unavyosafiri: karibu milimita 9 kwa kila mita. Tairi linapogusa saruji, mwale umesafiri karibu sifuri, hivyo ukingo ni mkali kama wembe. Kishikio kilicho mita moja juu, jua likiwa nyuzi 45, mwale wake unasafiri kama mita 1.4 kabla ya kugonga sakafu, na ukingo wake unakuwa na ulaini wa kama milimita 13, ukivutwa na mteremko wa mwale mpaka kukaribia milimita 18 pale sakafuni. Jicho linausoma ulaini huo kama rula. Ukingo mkali humwambia mtazamaji kwamba kitu kiko chini, na ukingo laini kwamba kiko juu. Wewe uliweka ulaini wa kishikio chini ya tairi, na watu wakasoma walichoandikiwa: tairi liko hewani. Ukiweka taa ya jua yenye upana sahihi, programu itakufanyia haya yote yenyewe.

Halafu kuna giza dogo ambalo ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalokosekana kwenye kazi nyingi. Chini kabisa ya tairi, ule mwanya mwembamba kati ya mpira na saruji, hapo jua limezuiwa na anga pia limezuiwa. Hapo ndipo pekee unapokaribia weusi wa kweli. Ni ufito mwembamba, pengine upana wa kidole, na unafifia haraka unapotoka nje. Chini ya injini kuna kitu kama hicho lakini kipana na chepesi zaidi, kwa sababu anga linachungulia kutoka pembeni. Utaona basi kwamba kivuli kimoja cha pikipiki kina ngazi kadhaa za giza, na kila ngazi inaeleza ni sehemu gani ya mwanga imekatwa. Ukiyaondoa hayo ukabaki na umbo moja lenye giza sawasawa, umepata stika.

Ili vyote hivi viangukie mahali, sakafu na ukuta lazima viwepo kwenye Blender, japo kama mabamba matupu yaliyolingana na picha. Yawekee lile chaguo la kunasa kivuli (Shadow Catcher) lililo kwenye sehemu ya uonekano ya kila kitu, na uwashe mandharinyuma ya uwazi (Transparent) ili yasionekane yenyewe. Kivuli kikifika ukutani kitapinda na kupanda juu. Bila bamba la ukuta kitaendelea kulala kana kwamba ukuta ni hewa. Kama saruji ina ufa mpana au ngazi, tengeneza nao. Sina maana ya kutengeneza kila kokoto. Tengeneza kile ambacho kivuli kitakipita na kukengeuka.

Sasa mti, na hapa nisikilize kwa makini, kwa maana kosa hili liliwahi kunirudishia kazi nzima. Nilikuwa nimeweka meza ya kutengenezwa kwenye picha ya ua, kivuli chake kikakutana na kivuli cha jengo, na pale vilipopishana pakawa na giza maradufu. Mteja hakujua kilichokuwa na kasoro, alisema tu "pale pananisumbua", na alikuwa sahihi. Jua haliwezi kuzuiwa mara mbili. Pale ambapo mti umeshalizuia, pikipiki haina jua la kuzuia. Inaweza kukata sehemu ya anga tu, na hivyo itaongeza ukungu mwepesi wa giza karibu na tairi tu. Kivuli cha jua cha pikipiki kinapaswa kufika kwenye ukingo wa kivuli cha mti na kumezwa humo, bila mstari.

Njia ya kulipata hili imeelezwa tangu 1998, mtafiti Paul Debevec alipowasilisha kwenye SIGGRAPH, mkutano wa michoro ya kompyuta, namna ya kuweka vitu vya kompyuta ndani ya picha halisi kwa kutumia mwanga uliopimwa mahali penyewe. Wazo lake moja ni rahisi na bado ndilo linaloendesha kazi nyingi leo: renda mandhari yako ya mabamba mara mbili, mara moja ikiwa na kitu na mara moja bila kitu, kisha chukua tofauti ya rendi hizo mbili na uiongeze kwenye picha halisi. Sakafu yako ya kompyuta inaweza kuwa na kasoro za rangi, lakini kasoro hizo zimo kwenye rendi zote mbili na kwa sehemu kubwa zinafutana. Kinachobaki ni kile tu ambacho pikipiki imebadilisha. Pale ambapo haikubadilisha chochote tofauti ni sifuri, na picha yako inabaki ilivyo, pikseli kwa pikseli. Ukipenda kugawanya rendi ya kwanza kwa ya pili na kuzidisha matokeo na picha, nayo ni njia nzuri, na kwa saruji yenye madoa mengi mimi huipendelea kwa sababu madoa yanatiwa giza kwa uwiano wake.

Lakini njia hiyo haijui kama kuna mti, mpaka uiambie. Weka nje ya fremu bamba au matawi machache yatakayodondosha kivuli pale pale kilipo kwenye picha. Fuatisha ukingo wake kwa uangalifu pale tu kitakapokutana na kivuli cha pikipiki. Kwingine hakuna atakayekagua. Rendi zote mbili zitakuwa na mti, giza maradufu litatoweka, na faida ya pili itakuja bila kuombwa: kama sehemu ya pikipiki iko chini ya mti, matawi yatatia madoa ya kivuli juu ya tangi na kiti. Mtazamaji akiona kivuli cha kitu halisi kikipita juu ya kitu chako, hoja zote zinakwisha.

Tofauti ya rendi mbili huleta pia mwanga unaoongezeka, jambo ambalo brashi haiwezi kabisa. Tangi jekundu likipigwa na jua linarushia wekundu kidogo kwenye saruji iliyo kivulini kando yake. Bomba la moshi la kromu linatupa mstari wa mwanga sakafuni. Na kinyume chake, saruji iliyo juani inaangaza tumbo la pikipiki kutoka chini. Ukiona upande wa chini wa injini ni mweusi tii wakati sakafu inameremeta, ujue bamba lako la sakafu halirudishi mwanga. Lipake picha yenyewe kwa kuitupa kutoka kwenye kamera uliyoilinganisha. Kromu nayo itaakisi saruji yako halisi badala ya sakafu ya mtu mwingine iliyo kwenye HDRI.

Safari nyingine ukienda kupiga picha ya mandhari, nenda na mpira wa chuma unaong'aa kama kioo, uuweke pale kitu chako kitakapokaa, na uupige kwa mwanga wa viwango kadhaa, kutoka giza kabisa hadi kuungua. Ndani ya mpira huo mna anga, ukuta na jua, vyote mahali pake. Mpira wa kijivu usiong'aa nao ni mzuri, kwa sababu unakuonyesha moja kwa moja upande wa juani na wa kivulini vinavyotofautiana.

Mwishoni kuna mambo madogo ya kamera, ambayo hayahitaji maneno mengi. Rendi ni kali kuliko picha, ilainishe kidogo. Picha ina chembechembe na rendi haina, ziongeze, na kivuli kisizifute zile za sakafu. Weusi mzito kabisa wa picha mara nyingi si sifuri, kwa sababu lenzi humwaga mwanga kidogo kila mahali. Pandisha weusi wa pikipiki ufike hapo. Kisha fanya jaribio hili: pandisha mwangaza wa picha nzima mpaka sehemu za juani ziungue na vivuli vyote viwe wazi. Kama weusi wa pikipiki na kivuli chake vinatofautiana na vya mti, hapo vitajifichua.

Kuhusu siku ya mawingu: kanuni ni ile ile, lakini jibu lake linabadilika. Mawingu yakifunika anga lote hakuna jua la kuzuia, kwa hiyo usiweke taa ya jua hata kidogo. HDRI ya siku ya mawingu, ile ambayo haina kiduara cha kukatwa, itafanya kazi peke yake. Kivuli hakitakuwa na upande wala umbo la pikipiki. Kitakuwa dimbwi laini chini yake, zito kwenye tairi na likififia kabla ya kufika umbali unaolingana na ukubwa wa pikipiki yenyewe, na rangi yake itakaribia kijivu cha saruji badala ya buluu. Wengi wakiona hivyo hudhani kivuli kimekosekana, wanarudi kuchukua brashi. Wewe kiache hivyo, ila hakikisha ule ufito mwembamba chini ya tairi upo, kwa sababu siku ya mawingu ndio pekee unaoishikilia pikipiki chini.